Jina lako limeandikwa wapi?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wakuu wa avenyu, yaani mitaa midogo, na wamama wa muso, vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana, katika ukumbi wa parokia, Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, mwishoni mwa Agosti 2024. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa. Pale umeme ulipokatika, msemaji aliendelea gizani, na sehemu hiyo imejazwa kwa kumbukumbu.)

Wamama, wapapa, wakuu wa avenyu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kama watu wanaotaka kukimbia: jambo kwenu wote.

Nimekuja na mkebe huu. Ulikuwa wa maziwa ya unga, sasa kifuniko kimeshika kutu mpaka nakifungua kwa kijiko. Ndani kuna mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko kuna mfuko mwingine, na ndani ya huo wa pili kuna daftari la mtoto wa shule. Nitalifungua baadaye. Kwa sasa likae hapa mezani, mlione.

Mimi ni mwalimu. Nimefundisha shule ya msingi huko Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, miaka 22, darasa la tatu na la nne, mpaka maji yalipobeba nyumba yangu Bushushu, nikaja hapa Bukavu kwa dada yangu. Sikuja kama mtu wa shirika. Sina jileti, sina redio ya mkononi, sina gari lenye antena ndefu. (Kicheko.) Padri aliniita kwa sababu tangu siku ile nimepiga foleni nyingi, nimebishana sana, nimeandika barua hata kwa watu wasiojibu, na katika kubishana huko nimejifunza mambo ambayo hakuna aliyenifundisha kabla. Mvua za Septemba ziko karibu. Nimeona vizuri kuyasema leo, udongo ungali mkavu.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023. Alhamisi ni siku ya soko Nyamukubi. Sisi watu wa kando ya ziwa tunayajua maji. Maji yakipanda, unainua godoro, unainua unga, unangoja yashuke. Siku ile yalikuja mawe. Mvua ilipiga huko juu milimani, mito ikajaa mawe na miti na udongo mwekundu, vyote vikashuka pamoja. Jiwe kama pikipiki. Jiwe kama gari. Ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya miguu, na mama mmoja jirani yangu alipiga kelele kwamba ni volkano, kwa sababu hakuwa na jina lingine la kuiita sauti ile.

Bushushu na Nyamukubi, vijiji viwili. Waliohesabiwa kuwa wamekufa walipita 400. Maelfu wengine walitajwa kuwa hawajulikani walipo. Jumatatu iliyofuata, tarehe 8, nchi nzima iliwekwa katika matanga.

Naomba tusimame kidogo kwenye hayo maneno, «hawajulikani walipo». Mtu wa Bushushu akipotea, jirani atasema: baba fulani hayupo, nyumba yake ilikuwa hapa, watoto wake ni hawa. Lakini soko ni kitu kingine. Soko lina watu waliofika asubuhi kwa mtumbwi au kwa pikipiki, wakatandika kitenge chini, wakapanga sambaza zao, vile visamaki vya ziwa, na jioni walikuwa warudi kwao. Nani anajua majina yao? Anayeuza chumvi pembeni anamjua mwenzake kwa jina la «mama wa sambaza». Basi. Maji yakimbeba, amebebwa mama wa sambaza, na huko kwao watu wanangoja mtu mwenye jina kamili la baba na la babu. Vitu hivyo viwili havikutani.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo moja, na ndilo lililonileta mbele yenu. Sisi tunadhani msaada unamfuata mwenye shida. Hapana. Msaada unafuata jina. Penye jina lililoandikwa vizuri, magunia yanafika, hata yakichelewa. Pasipo jina, utalia mpaka machozi yakauke na lori litapita mbele ya macho yako likienda kwa mwingine, na dereva hana kosa.

Yaliyonipata mimi ni haya. Juma la tatu, shirika moja lilikuja kugawa vitu: bashi za kuezekea, blanketi, sufuria, jerikani, sabuni. Mnajua utaratibu. Kwanza wanapita vijana wa kuandika, halafu wanagawa jetoni, kile kikaratasi cha kupokelea, halafu siku ya ugawaji unakwenda na jetoni yako. Niliamka saa tisa za usiku. Saa nne asubuhi nikafika mbele. Kijana akatazama orodha yake, akanitazama, akasema: «Mama, hapa kuna Nabindu.» Nikasema: «Mimi ni Nabintu.» Akasema: «Basi huyu si wewe.» Nikamwambia: «Mwanangu, ni mimi, isipokuwa herufi moja.» Akanijibu kwa heshima kabisa, sitamsengenya: «Mama, niletee karte.»

Karte! Karte zetu za uchaguzi tulikuwa tumezipata mapema mwaka ule ule, watu walipoandikishwa kwa ajili ya kura ya Desemba. Zilikuwa bado mpya. Yangu ilikuwa kwenye sanduku, sanduku lilikuwa chini ya kitanda, na kitanda mpaka leo kiko mahali fulani ziwani. Na hata waliobaki na karte zao walipata taabu, kwa sababu nyingi maandishi yalikuwa yanafutika, unaitoa mfukoni unakuta picha imekuwa kivuli. Kwetu sisi hiyo ndiyo kitambulisho. Ikifutika, umefutika.

Niliondoka pale mikono mitupu. Mvua ya usiku ule niliipokea chini ya bashi ya mtu mwingine.

Kilichoniokoa ni katekista. Mzee yule anaandika kila kitu. Kila mwaka tukitoa mchango wa kanisa anaandika jina kamili, la mume, la watoto, na nyumba iko upande gani wa mto. Daftari lake lilikuwa kwa mtoto wake huko juu, mbali na maji. Tulikwenda naye, akalifungua mbele ya yule kijana, akaweka kidole kwenye mstari wangu. Kijana akapiga simu kwa mkubwa wake. Baada ya siku sita nilipata bashi. Siku sita, kwa herufi moja.

(Sauti kutoka ukumbini: «Na wale wasioenda kanisani?»)

Umeuliza vizuri, papa. Wale wako msikitini, au wako kwenye muso, au kwenye likelemba, mchango wa kupokezana, au kwenye daftari la shule la watoto wao, au hawako popote. Hao wasio popote ndio wanaonikosesha usingizi. Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya avenyu. Avenyu haiulizi unasali wapi.

Sasa mtaniambia: Mwalimu, hiyo ni Kalehe, sisi tuko mjini. Wazee wangu, mji gani? Mnaijua Funu, mtaa wenu huu, kuliko mimi. Ardhi ya Funu inatembea, polepole lakini inatembea, kuta zinapasuka, bomba za maji zinakatika, na watu wanapaka simenti kwenye ufa kama anayepaka poda kwenye kidonda. Mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilivyotukuta asubuhi, wengine wakiwa misani. Mnakumbuka Uvira Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoingia majumbani. Na moto wa Kadutu siuhesabu, maana mkianza kunitajia avenyu zilizoungua tutalala hapa. Nyumba ya mbao inaungua kwa muda wa kupika sombe. Hapana, sombe inachukua muda mrefu. Kwa muda wa kuchemsha chai. (Kicheko.)

Kwa hiyo tuzungumze daftari. Mkuu wa avenyu ana orodha yake, najua. Lakini mara nyingi ni orodha ya wenye parsele, wenye viwanja. Mwenye parsele mmoja, ndani yake familia nne, tano, zinapanga. Moto ukiwaka, orodha inasema nyumba moja imeungua. Wanakuja na msaada wa nyumba moja. Mwenye parsele, hata akiwa mtu mwema, anaupokea yeye, halafu anaanza kugombana na wapangaji waliopoteza kila kitu kama yeye. Nimeona watu waliokaa pamoja miaka kumi wakishindwa kusalimiana kwa sababu ya blanketi. Mwandikeni mpangaji kwa jina lake, na watu wake, na mwezi alioingia. Akihama, mfuteni. Ni kazi, ndiyo. Wapeni vijana wanaojua kuandika vizuri, na muwape ya soda.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye karte, herufi kwa herufi. Hapa tuna Furaha wangapi? Nyosheni mikono. Mnaona? Bahati je? Ukiandika «Mama Furaha» umeandika nusu ya Kadutu. Andika majina matatu, mwaka wa kuzaliwa, na namba ya simu, kwa sababu siku hizi pesa nyingine zinatumwa kwa simu, na ikipotea kadi ya simu na kitambulisho pamoja, kurudisha namba ile ni safari nyingine. Andika pia nani ana mimba, nani haoni, nani hatembei, mzee gani anaishi peke yake. Mashirika yanaanza na hao, na yasipoambiwa hayawezi kuwanusa.

Na mwandike aliyempokea mwenzake. Baada ya maji yale wengi wetu hatukulala kambini, tulilala kwa ndugu. Dada yangu hapa ana vyumba viwili. Tulikuwa kumi na mmoja ndani yake. Unga wake uliisha kwa sababu yetu, choo chake kilijaa kwa sababu yetu, na hakuna orodha hata moja iliyomwita mwathirika. Yeye husema hakufanya kitu. Mimi nasema nyumba yake ilikuwa kambi bila bendera.

Nakala ziwe zaidi ya moja, na zisikae pamoja. Moja kwa mkuu wa avenyu, nyingine parokiani au msikitini, na nyingine mbali kabisa. Kama ninyi mko Kadutu, tafuteni mtu wa Bagira au wa Panzi mnayemwamini. Daftari linaloungua pamoja na avenyu halina faida. Kupiga picha kwa simu ni vizuri, lakini simu nazo huibwa siku ya kwanza ya msukosuko, mnawajua vijana wetu.

Halafu kuna jambo la aibu kidogo. Majina ya hewa. Najua jinsi yanavyoingia. Mtu ana binamu yake yuko mgodini, anasema mwandike tu, atarudi. Mwingine anamwandika mtoto aliyeolewa Goma. Avenyu moja, sitaitaja, ilikuwa na familia kama arobaini, orodha ikatoka na wakuu wa familia tisini na tano. Wale wa shirika hawakugomba. Walipita nyumba kwa nyumba kimya kimya wakihesabu, wakarudi kwenye gari, na orodha yote wakaiweka pembeni. Wajane wa kweli wa avenyu ile walipata nini? Walipata mkutano wa maelezo.

Umeme. Haya, endeleeni kunisikiliza gizani, sauti haihitaji umeme.

Niwaambie kidogo mambo yanavyokwenda upande ule mwingine, upande wa wenye magari. Siku za kwanza hakuna gari. Kuna jirani mwenye jembe na kuna vijana wa Msalaba Mwekundu. Niliwaona wakichimba kwa mikono, wengine nao wakiwa wamepoteza watu, wamevaa buti za plastiki miguuni. Kama umetengana na mtoto au mzee, Msalaba Mwekundu ndio wa kuendea kwanza, kazi yao ya kutafuta ndugu ni ya zamani na hailipiwi hata faranga moja. Anayekuomba pesa ili akutafutie mtoto, huyo ni mwizi mwenye jileti.

Baadaye wanafika wengine: chakula ni PAM, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, watoto na maji mara nyingi ni UNICEF, Caritas, shirika la kanisa Katoliki, inapitia parokiani, serikali ina ulinzi wa raia na ofisi ya mambo ya kijamii, ile tunayoiita DIVAS. Wanakutana mezani, wanagawana: wewe maji, wewe chakula, wewe kijiji kile. Ikiwa siku ile avenyu yako haikutajwa mezani, haiko. Kwa hiyo barua iende haraka, ukurasa mmoja, idadi ya familia, mahali, mliyopoteza, namba mbili za simu, na daftari lifungwe pamoja nayo. Barua yenye kurasa sita za kumshukuru Mungu na viongozi ni nzuri, lakini idadi iwe kwenye mistari mitatu ya kwanza. Na upigiwe muhuri nakala yako unapoiwasilisha. Mtu akikuambia muhuri hauko, kaa kwenye benchi mpaka uje.

Jetoni haiuzwi. Wasichana, nasema nanyi sasa. Jetoni hailipiwi kwa pesa wala kwa mwili. Haya si maneno ya kusikia njiani. Wakati wa Ebola huku mashariki, 2018 mpaka 2020, mambo haya yalitendeka mpaka tume huru ikaundwa, na mwaka 2021 ikatoa ripoti yenye watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Kila shirika lina mahali pa kupeleka malalamiko. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na mama wa muso, nenda na wawili. Na ninyi wakuu wa avenyu, msije mkamwambia mtoto wa watu anyamaze ili msaada usikatike.

Miezi mitatu ikipita, magari yanaondoka. Kuna pahali pengine panaungua, lazima yaondoke. Watu wengi hudhani hapo ndipo msaada umeisha. Kumbe kazi ndefu ndiyo inaanza, na ni kazi ya karatasi, na haina lori.

Mjane ambaye mume wake hakuonekana mwili, ni mjane au si mjane? Mbele ya sheria bado ana mume. Hawezi kuolewa, hawezi kugawa mali ya marehemu, mashemeji wanakuja kuchukua shamba wakisema kaka yetu hajafa bado au amekufa, kutegemea siku. Sheria ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, ina njia: mahakama inaweza kutamka kwamba mtu amekufa. Lakini mahakama inataka mashahidi. Nani alimwona sokoni siku ile? Alivaa nini? Alikuwa upande gani? Miezi kumi baadaye watu wamesahau, wengine wamehamia Goma. Andikeni ushahidi juma la kwanza, kumbukumbu zingali na matope.

Mtoto aliyezaliwa kambini au kwa shangazi: una siku 90 za kumtangaza ofisi ya hali ya raia, na kumtangaza ni bure. Zikipita, utakwenda mahakama ya watoto kuomba hukumu ya kuziba pengo, na hapo utatoka jasho na pesa. Mimi mwenyewe nimesindikiza wamama saba. Watano walikuwa wamepitisha siku kwa sababu mtu aliwaambia wangoje mtoto apate jina la Kikristo kwanza.

Ardhi sasa. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwenye parsele mjini mwenye sertifika ya konservateri, hati ya ofisi ya ardhi, karatasi yake ikiungua asilie sana: kitabu kikubwa kiko ofisini, chenye nakala. Aende aombe. Mwenye ile fishi ya parsele peke yake, ajue ana kitu dhaifu, na nakala yake iwe kwenye mkebe kama huu. Lakini sisi wa Buhavu, huko Kalehe, shamba letu wengi tulilipata kwa kalinzi, desturi ya zamani. Babu alipeleka ng'ombe au mbuzi kwa mwami, mtawala wa kimila, au kwa mtu wake, akaonyeshwa mpaka: mti ule, jiwe lile, kijito kile. Kalinzi ni neno, mashahidi na mpaka. Sasa niambieni. Mti umebebwa. Jiwe lile liko chini ya mawe elfu moja. Kijito kimehama, kinapita katikati ya jiko langu. Mashahidi wawili kati ya watatu wamekufa. Shamba langu liko wapi?

Nilirudi pale mwezi wa nane. Nilisimama juu ya mawe meupe, jua kali, nikitafuta mahali mlango wangu ulipokuwa. Nilipajua kwa mgomba. Ulikuwa umefukiwa wote, lakini chipukizi moja lilikuwa limetoboa kati ya mawe, kijani kabisa. Nilipima hatua kutoka mgomba ule: hatua kumi na mbili mlango, ishirini na tatu choo, arobaini mpaka wa jirani. Nikaandika. Nikamwita jirani aliyebaki, naye akapima hatua zake. Tukaweka sahihi wote wawili, na mzee wa kijiji akaweka kidole. Karatasi ile haina nguvu ya sertifika, najua. Lakini siku watu watakapokuja kugawa upya, sitakuja na machozi tu.

Na mkionyeshwa kiwanja kipya cha kuhamia, swali la kwanza lisiwe mabati yako wapi. Swali la kwanza: nani ametoa ardhi hii, na kwa karatasi gani? Ardhi yetu haina mahali pasipo na mwenyewe. Ukijengewa nyumba nzuri kwenye shamba la mtu asiyekubali, miaka miwili baadaye utahama mara ya pili, na safari hii hakuna lori litakalokuja.

Kabla ya kufungua mkebe niwape hadithi fupi ya mbali. Shemeji yangu ni mkimbizi aliyepelekwa Marekani, anaishi Houston, Texas. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilipiga kule, mvua ya zaidi ya mita moja kwa siku chache, mimi sikuamini mpaka aliponitumia picha ya ngazi ya nyumba yao imeishia majini. Nilidhani Marekani msaada unashuka tu kama mana. Kumbe alijaza fomu, akangoja, barua ikaja: ombi lako halikukubaliwa. Alikaa siku mbili bila kula vizuri. Mama mmoja wa kanisa lake, Mmeksiko, akamwambia isome tena mpaka chini. Chini kabisa iliandikwa karatasi iliyokosekana: ushahidi kwamba alikuwa anaishi pale. Na alikuwa na siku 60 za kukata rufaa. Alipeleka bili ya umeme na mkataba wa nyumba, wakamlipa. Nchi yenye ndege zote zile, na bado swali lilikuwa lile lile la yule kijana wa bashi: wewe ni nani, na ulikuwa unakaa wapi?

Haya, umeme umerudi. Tufungue.

Daftari hili nililianza siku ya nne. Kurasa za mbele ni watu wa Bushushu, majina kamili, hayo sitawasomea, ni ya watu na siri zao. Daftari kama hili halipitishwi mkono kwa mkono sokoni. Lakini kurasa za nyuma ni za soko. Nilikwenda kwa waliookoka Nyamukubi, nikawauliza: kushoto kwako aliketi nani? Kulia je? Wengi hawakujua jina. Nikaandika walichojua. Sikilizeni mistari michache. «Mama wa sambaza, kitenge cha kijani chenye ndege, anacheka sana, kikapu kimefungwa utepe mwekundu.» «Kijana wa betri na tochi, kofia ya timu, anachechemea kidogo.» «Mzee wa tumbaku, haongei.» «Msichana wa mandazi, amembeba mdogo wake.»

Mistari 64. Si majina, lakini hakuna karatasi nyingine iliyowataja.

Februari mwaka huu kijana mmoja alinitafuta, alitoka ng'ambo ya ziwa. Alikuwa ameuliza kambi zote, hospitali zote. Alisema: mama yangu anauza sambaza. Nikamwambia, mwanangu, wauza sambaza walikuwa wengi. Akasema: kikapu chake mimi ndiye nilimfungia utepe, ili asikichanganye na cha wenzake. Nilimuuliza rangi. Aliponijibu nilifungua ukurasa huu, mstari wa 31, nikampa asome mwenyewe. Alisoma, akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama anaweza kuongeza kitu. Nikampa kalamu. Mnaona hapa pembeni, mwandiko mwingine, wa bluu? Ameandika jina lake, la baba yake na la babu yake.

Nimenunua madaftari kumi, yako hapa kwenye mfuko, moja kwa kila avenyu iliyokuja. Tuanze na benchi la mbele. Mama, chukua kalamu. Andika jina lako kama lilivyo kwenye karte. Sasa geuka, muulize aliye nyuma yako jina la mpangaji wake.